Chupa ya Nne

Nairobi, 23 Januari 1999

Mwalimu Komora,

Assalaam alaikum. Natumaini Idi mliila vizuri na Mama Ruwaida hakukuficha bakuli la sukari. Mimi niliila maabara, chapati mbili za kantini na maharagwe ya jana, kwa hiyo usinionee wivu.

Naingia kwenye jambo lenyewe, maana ni wewe uliyenifundisha kwamba kwenye maabara hatusimulii safari. Nahitaji wadudu wa Dimbwi la Mkoma. Ni wale wale ulionionyesha mwaka 1992, nilipokuja kujitolea kwako kituo cha afya, nimemaliza kidato cha nne na sijui hata jicho linawekwa upande gani wa hadubini. Ulinitilia tone la maji ya dimbwi ukasema, "Hawa hawana ugonjwa wa mtu, wana mwendo tu." Tangu siku hiyo ndugu zangu wanahesabu ng'ombe na mimi nahesabu vitu visivyoonekana. Kaka yangu Halake mpaka leo anaamini nasomea udaktari wa mifugo, ila nimechelewa kumaliza.

Nikueleze kazi, kwa sababu safari hii utakuwa ndani yake. Mdudu yule ni seli moja tu, lakini mwili mzima umeota vinyweleo, na anaogelea kwa kuvipiga pamoja. Kila kinyweleo kina vijiti ndani, na vijiti hivyo vimejengwa kwa protini iitwayo tubulini. Maagizo ya kuijenga yako kwenye jeni. Tena mdudu huyu ana viini viwili: kidogo kinachotunza maandishi ya asili kwa ajili ya kizazi, bila kuyatumia, na kikubwa chenye nakala zinazosomwa kila siku. Mimi nafanya kazi na zile za kila siku. Nataka kujua ana jeni ngapi za tubulini aina ya alfa, zimepangwaje, na zinaamka lini. Kuziamsha si kazi. Unamtilia dawa ya ganzi kidogo, vinyweleo vinakatika vyote, anabaki uchi anazama. Ukimsafisha, baada ya saa moja au mbili ameota vipya. Katika saa hizo jeni ya tubulini haipumziki, na ninaweza kuipima.

Shida ni mbili. Maji ya dimbwi yakisafiri kwa basi yanafika huku yameoza na wadudu wamekufa. Halafu kila chupa lazima ianze na mdudu mmoja. Mmoja, Mwalimu. Akijigawa akawa elfu, wote wana jeni zile zile. Lakini wakiingia wawili wa aina mbili, kazi yangu yote ni uwongo, na sitajua, kwa sababu kwa sura ni mapacha.

Umestaafu, mgongo unakusumbua, na wamekupa ile hadubini kuukuu inayotumia mwanga wa jua. Basi itumie. Nimeona watu wenye shahada tatu, sijaona mkono kama wako kwenye mrija wa kioo. Tasnifu naitetea Septemba, na ikipita vizuri kuna nafasi ya masomo Uskochi inaningoja.

Nisalimie Mama Ruwaida.

Mwanafunzi wako,
Hawo Godana


Garsen, 9 Februari 1999

Hawo,

Waalaikum salaam. Barua tumeisoma. Sukari sikufichwa, nilijificha nayo.

Chupa sita nimempa Nuh wa basi. Nimezifunga kwa kitambaa chenye maji ndani ya kikapu, na nimemwambia akizianika juani atanijua. Maji ya kuwalisha ni ya nyasi kavu za kando ya mto, yamechemshwa, yamechujwa kwa kanga, yamepoa usiku mzima. Kila chupa mdudu mmoja.

Nilichelewa siku mbili kwa sababu ya ng'ombe wa wajomba zako. Waliingia Dimbwi la Mkoma kabla yangu wakalikoroga lote. Mpokomo hata akitaka maji ya kutazama tu, lazima amngoje Mworma anyweshe kwanza. Ningewafukuza, lakini nikaona huenda nao wataandikwa kwenye tasnifu.

Samahani kwa herufi kubwa. Kalamu za siku hizi hazina ncha.

Mama Ruwaida anakusalimu. Anasema Uskochi kuna baridi, ujipange.

Wako,
Komora Tuneya


Nairobi, 21 Machi 1999

Mwalimu,

Keti kwanza.

Chupa mbili zilifika zimekufa na tatu zinajikongoja, lakini ya nne imestawi ajabu. Nimeizalisha hiyo hiyo, nimetoa DNA, nimetafuta jeni ya tubulini. Nimepata mbili! Ndugu zake wa karibu waliokwisha kuchunguzwa wana moja tu ya aina hiyo. Zinafanana kama mashairi mawili ya mtu mmoja, ila maneno yametofautiana hapa na pale. Nimerudia mara tatu na kila mara ni mistari miwili kwenye picha ya jeli tunayotenganishia DNA, mmoja kwa kila jeni, imekaa pale inanitazama.

Msimamizi wangu si mtu wa kusifu. Alipoona ile picha alikunywa chai yake amesimama, na kwake hiyo ni ngoma na vigelegele. Kisha akauliza swali moja, nami nalileta kwako kama lilivyo: una hakika chupa ya nne ilianza na mdudu mmoja? Nijibu kwa maneno ambayo naweza kuyaandika.

Na hizo herufi, Mwalimu, zinakua. Barua yako ya karatasi moja umeifanya karatasi tano. Watu wa posta wanadhani wewe ni mgombea ubunge.

Hawo


Garsen, 4 Aprili 1999

Hawo,

Andika hivi: Kila mdudu alivutwa peke yake kwa mrija wa kioo, chini ya hadubini, na aliyemvuta amemwona kwa jicho lake.

Nimesoma slaidi za damu miaka ishirini na nane. Sikuzoea kuulizwa mara mbili.

Mvua imeanza huko juu na mto umejaa. Magari yanakwama, barua itachelewa.

Komora


Nairobi, 14 Juni 1999

Mwalimu wangu,

Usinikasirikie kwa lile swali. Kuuliza ndiyo kazi waliyonipa. Sasa sikiliza kilichotoka.

Niliwavua vinyweleo wadudu wa chupa ya nne, nikawapima kila nusu saa walipokuwa wakiota vipya. Jeni moja iliamka. Ujumbe wake, yale maagizo inayoyatoa ili tubulini ijengwe, uliongezeka mpaka mstari ukawa mweusi tititi. Ile ya pili haikutikisika. Vinyweleo vimekatika, mwenzake yuko mbioni, yeye amelala fofofo! Kwa hiyo nimeandika kwamba mdudu huyu amegawa kazi: jeni moja ni ya vinyweleo, na ya pili ni ya mambo mengine ya ndani ya seli. Hakuna aliyewahi kusema hivyo juu ya jamaa zake. Msimamizi anataka tuandike makala kabla hata ya utetezi.

Dosari ni moja ndogo. Karibu nusu ya wadudu waliendelea kuogelea baada ya dawa, kana kwamba hawakuguswa. Nimeandika kuwa dawa haikuwatosha.

Sasa la furaha. Juu ya makala hiyo, chini ya kichwa, patakuwa na majina, na la tatu ni lako. Limekwisha kupigwa chapa kwenye rasimu: Komora T. Ripoti za wilaya umezijaza wewe miaka yote hiyo, na kila mwaka chini yake likatiwa jina la daktari. Hii hawatakutoa.

Nitumie chupa sita nyingine, nirudie yote kwa ajili ya wakaguzi. Fanya vile vile ulivyofanya.

Hawo


Garsen, 2 Julai 1999

Hawo,

Barua yako nimesomewa, kisha nikaomba nisomewe tena pale penye jina. Baba yangu Tuneya alikuwa akiweka dole gumba. Sikupata kufikiri kuwa herufi yake itafika kwenye kitabu cha watu wa sayansi.

Chupa sita ziko kwa Nuh. Nimefanya vile vile.

Ila msiharakishe sana kuchapa. Kitu kikichapwa hakifutiki.

Komora


Garsen, 12 Julai 1999

Mwanangu Hawo,

Salamu sana. Ni mimi Ruwaida. Mzee hajui kuwa nakuandikia, na sitaki ajue, kwa hiyo nitakupa maneno yangu mara moja na usinijibu.

Nakuomba usimtume tena kwenye lile dimbwi. Mwishoni mwa mwezi uliopita alirudi ametota hadi kifuani. Yuwasema aliteleza. Hakuteleza, aliingia majini akidhani bado yuko ukingoni. Na wewe ni mtu wa huku, wayajua madimbwi ya Tana na mamba wake. Mwezi wa tano walichukua mbuzi pale pale.

Mato yake yamekwisha, mwanangu. Haoni. Chai akijimiminia hutia kidole kikombeni ajue imejaa. Barua zako ni mimi ninayemsomea. Zake yuwaandika mwenyewe, hataki nimshikie kalamu, na mimi nimemkatia kadibodi yenye matundu ya mistari ili asipande juu ya maneno yake. Hiyo hadubini yuwaitoa nje penye jua, yuwaiinamia mpaka shingo ikauma, kisha yuwaifunga kwa kitambaa na kuirudisha ndani.

Nikimwambia twende tukatizamwe mato, husema si kitu, ni uzee. Yuwaona haya. Mtu aliyekula mkate wake kwa mato yake, atakwenda kumwambia nani kuwa hayapo?

Sijui chupa zako zina kazi gani. Kama ni za lazima, mtafute mwingine. Nilizaliwa Kipini, nimeona watu wawili wakitolewa majini vipande, sitaki kumwona wa tatu.

Mama yako,
Ruwaida


Nairobi, 26 Julai 1999

Mwalimu Komora,

Nimefanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya Februari. Nilichukua wadudu wa chupa ya nne, ya safari ya kwanza, nikawavuta mimi mwenyewe mmoja mmoja na kuwaweka katika chupa ishirini mpya. Sikulifanya kwa sababu uliandika kila chupa mdudu mmoja, na Aprili ukasema umeona.

Nimezipima zote ishirini. Kumi na moja zina jeni ya kwanza tu. Tisa zina jeni ya pili tu. Hakuna hata moja yenye zote mbili.

Nikazitia dawa ya ganzi. Wadudu wa zile kumi na moja walivuliwa vinyweleo vyote, wakazama. Wa zile tisa waliendelea kuogelea. Dawa ilitosha tangu mwanzo. Jeni ya pili haikuamka kwa sababu mwenye nayo hakuvuliwa kitu.

Kwa hiyo hakuna mdudu mwenye jeni mbili. Kuna wadudu wawili.

Sikuulizi kama ulikosea. Kila mtu hukosea, na mimi ni wa kwanza. Nakuuliza kitu kimoja: uliwatoaje?

Hawo


Garsen, 5 Agosti 1999

Hawo,

Swali lako ni fupi, nami nitajaribu jibu liwe fupi.

Sioni. Jicho la kulia liliingia ukungu mwaka wa mafuriko, nikadhani ni moshi wa kuni. La kushoto likafuata. Ni mtoto wa jicho, pande zote mbili. Mchana naona mwanga na vivuli. Kwenye hadubini naona duara jeupe, basi.

Chupa zako nilizifanya hivi. Nilitia tone la maji ya dimbwi katika matone tisa ya maji ya nyasi. Kutoka hapo tone moja katika mengine tisa, kisha tena, na tena. Mwisho nikatia tone moja moja katika chupa ishirini na nne. Kwa hesabu, tone la namna hiyo huwa na mdudu mmoja, au halina kitu, na mara chache lina wawili. Nikangoja siku nne. Wadudu hula uchafu wa maji, kwa hiyo nikamwuliza Ruwaida ni chupa zipi zina maji maangavu, nikakutumia hizo. Njia hiyo si ya ulaghai. Hutumika. Kama ningekuandikia hivyo Februari, ungejua la kufanya, na kusingekuwa na kosa. Kosa ni pale nilipoandika kuwa nimeona kwa jicho langu.

Utajiuliza kuhusu slaidi za watu. Hizo niliacha. Agosti mwaka jana aliletwa mtoto wa kike kutoka Ndera, ana homa. Niliangalia damu yake nikasema hakuna malaria. Mwenzangu akaangalia baada yangu akakuta imejaa. Mtoto alipona. Kesho yake niliandika barua ya kustaafu, nikasingizia mgongo. Mgongo wangu ni mzima, naweza kubeba gunia la mpunga.

Kwa watu sikuthubutu kubahatisha hata siku moja zaidi. Kwa wadudu wa dimbwi nilijiambia hawana mama wa kuwalilia. Sikufikiri kwamba mwenye kulia angekuwa wewe. Huo ndio ukweli, na unaniaibisha kuliko macho.

Na kuna jingine. Wote hapa sasa wananiita Mzee. Wewe peke yako umebaki unaniita Mwalimu, tena kwa kitu ninachokijua. Barua yako ilipokuja kuniomba mkono wangu, sikuweza kukuambia haupo. Nilipoulizwa mara ya pili nikakasirika, na mtu mwenye kweli hakasiriki vile. Ungenijua papo hapo kama ungekuwa mbele yangu.

Jina langu litoe.

Komora


Nairobi, 29 Agosti 1999

Mwalimu,

Nimekasirika. Nilikaa wiki mbili nikingoja hasira iishe ndipo nikuandikie, na haijaisha, kwa hiyo naandika nayo.

Nimemwambia msimamizi kila kitu. Makala ilikuwa imekwisha kupelekwa, tumeiandikia barua ya kuirudisha. Utetezi hauwi Septemba tena, umesogezwa hadi Machi mwakani. Uskochi wamenijibu kwa adabu sana kwamba nafasi watampa mwingine. Nililia chooni, kisha nikaja kuosha vioo. Nakuambia haya si kwa sababu nataka ulie na wewe. Nakuambia kwa sababu umesema mwenye kulia ni mimi, na ni kweli, na nilitaka ujue ni kwa kiasi gani.

Sasa zamu yangu. Mimi nina macho mawili mazima. Niliona nusu ya wadudu wanaogelea, nikaandika dawa haikutosha. Niliona herufi zako zinakuwa kubwa kila mwezi, nikafanya mzaha. Uliandika "tumeisoma", uliandika "nimesomewa", wewe ambaye hukuwahi kumwachia mtu akusomee hata bei ya sabuni. Yote hayo yalikuwa mbele yangu. Nilikuwa nataka jeni mbili.

Kilichobaki si kibaya, nikikitazama bila kununa. Dimbwi moja, wadudu wawili wenye sura moja, kila mmoja ana jeni yake ya tubulini, na mmoja hashikwi na dawa inayomvua mwenzake. Hiyo ni kazi ndogo lakini ni ya kweli. Wakaguzi wa tasnifu wanataka nionyeshe kwamba wote wawili wametoka Dimbwi la Mkoma kweli, hawakuingilia huku maabara. Lazima wavutwe upya, mmoja mmoja, pale pale, na mtu anayewaona.

Ningeweza kuja mwenyewe. Lakini nakuomba wewe.

Jumatano ya pili ya Septemba Halake atakuja kukuchukua mpaka Malindi. Kuna madaktari wa macho wanapasua kwa wiki mbili, nimekwisha kuwapelekea jina lako. Usimwambie Halake habari za mgongo, ana mdomo, na mtafika Malindi akiwa amekupa dawa ya ng'ombe. Usikatae. Ukikataa nitajua ni haya tu, na haya zako zimenigharimu vya kutosha.

Na mpaka nisikie umepona, dimbwini usiende. Ni mimi ninayekukataza, sikuambiwa na mtu.

Ukiona tena, nataka chupa kumi. Ukiwa huoni, nataka barua inayosema huoni. Chochote kati ya hivyo viwili nitakipokea.

Bado nakuita Mwalimu. Nilijaribu jina jingine juu ya barua hii na halikuandikika.

Hawo


Garsen, 14 Novemba 1999

Hawo,

Waalaikum salaam, maana najua ungenisalimu kama usingekuwa na hasira.

Wamepasua jicho moja, la kulia. La pili mwakani. Nimepewa miwani mizito kama vitako vya chupa za soda, nikiivua dunia inarudi kuwa uji. Walipofungua bandeji kitu cha kwanza kuona ni uso wa Ruwaida. Nilimwambia amezeeka na hakunijulisha. Akasema yeye hakuchelewa kuzeeka, ni mimi niliyechelewa kutazama. Kisha akatoka nje akakaa huko kitambo, aliporudi alikuwa amenawa uso.

Najua pia ni nani aliyekuambia nisiende dimbwini. Habari za kutota kwangu sikukuandikia, na aliyeniona nikirudi ni yeye peke yake. Sijamwambia kuwa najua. Na wewe usimwambie.

Nilitaka kuanza kazi siku ile ile, lakini mkono ulikuwa umesahau. Nilifanya mazoezi siku ishirini kwa maji ya mtungi. Siku tano za kwanza nilivuta maji matupu. Siku ya tisa nilimpata mmoja akanitoka mlangoni mwa mrija, nikacheka peke yangu. Hivi wanavyozunguka! Nilikuwa nimesahau kwamba hugeuka kama msumari wa parafujo wakienda mbele. Nilipokuwa naona kila siku sikuwatazama hivyo.

Juma lililopita tulikwenda Dimbwi la Mkoma na Halake. Alisimama na fimbo akilinda mamba, na kila mara akiniuliza wadudu hao wanaugua nini na utawatibu lini. Nikamwambia uko karibu. Safari hii ng'ombe wenu walingoja mpaka nikamaliza kuchota, na nimeliandika hilo katika daftari, tarehe na saa, kwa sababu halijawahi kutokea.

Chupa kumi ziko kwa Nuh. Ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kuanzia ya tano mpaka ya kumi, kila moja ina mdudu mmoja. Nimemwona akiingia kwenye mrija na nimemwona akitoka. Nimewavuta saa nne hadi saa sita mchana, jua likiwa wazi, na kila mmoja nimemtazama mara tatu. Haya unaweza kuyaandika, na jina langu ukiliweka, liweke pale penye chupa hizo tisa tu.

Ya nne, wingu lilipita juu ya jua wakati navuta. Nadhani alikuwa mmoja. Nina karibu hakika kwamba alikuwa mmoja. Nimebandika karatasi juu yake na kuandika kwa wino mwekundu: SIKUONA. Usiifanyie kazi. Nimeituma pamoja na zile nyingine ili uisome.

Komora T.